Sura ya Saba: Allan Pardy Wawili

Feri ilichelewa saa moja na nusu kwa ajili ya ukungu. Winnie Dominix alipotia mguu gatini Great Sawyer ilikuwa Jumatano, saa nne na robo asubuhi, na orodha ingefungwa Ijumaa saa sita mchana. Siku mbili na ushee, basi, za kumtafutia ndugu mtu aliyekufa miaka arobaini na saba iliyopita.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Manispaa ya Harlow Falls, kule Ontario, ilitaka kupitisha barabara juu ya kipande cha makaburi ya watu wasio na wenyewe. Ambaye ndugu zake wangejitokeza na kutia saini kabla orodha haijafungwa, angezikwa upya peke yake chini ya jiwe lenye jina lake, au angesafirishwa kwao. Waliosalia wangekusanywa katika shimo moja upande wa pili wa uzio. Asiyekuwepo na lake halipo, na manispaa haikuona haja ya kulisema kwa lugha ya upole zaidi ya hiyo.

Kaburi namba 212 lilikuwa la Allan Pardy, miaka ishirini na kitu, aliyeanguka kutoka kwenye ngazi ya ghala mwezi Novemba 1976, akafa baada ya saa mbili. Fomu ya hospitali ilijazwa mistari minne tu. Mstari wa mahali pa kuzaliwa ulisema: Hollin Cove, Newfoundland.

Hollin Cove hakukuwa na mtu wa kuulizwa. Kijiji kile kilihamishwa chote mwaka 1954: nyumba zilifungwa mapipa matupu ili zielee, zikakokotwa majini maili tisa mpaka Great Sawyer, zikapandishwa ufukweni upande wa ndani wa bandari, na huko ziko mpaka leo. Kwa hiyo Winnie alikuja Great Sawyer.

Alikuwa amefanya kazi ya polisi miaka ishirini na sita. Sasa alikuwa anatafuta ndugu za marehemu kwa niaba ya mawakili, na kazi hizi mbili hazikutofautiana sana, ila katika hii hakuna aliyemkimbia. Alikuwa na daftari moja lenye safu tatu alizozipiga mstari kwa rula: kimeandikwa nini, kimeandikwa na nani, kimesemwa na nani. Hakuandika kingine.

Alianzia kwa Mjomba Hedley Buffett. Huku kila mzee ni Mjomba au Shangazi, awe ndugu yako au asiwe. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka themanini na nne, na alimngoja mlangoni amevaa soksi za sufu.

"Umekula?"

"Nimekula kwenye feri, Mjomba."

"Chakula cha feri si chakula. Kaa."

Winnie alikaa. Aliwekewa chai yenye maziwa ya kopo na mkate uliopakwa jemu, akala kwa sababu kukataa kungemchelewesha zaidi. Ukuta mzima wa jiko ulikuwa na rafu, na rafu zilijaa mikebe ya biskuti, na mikebe ilijaa kadi. Watu wote wa Sawyer Bay, waliozaliwa, waliooa, waliozama. Mzee alisema ni elfu kumi na moja na mia mbili, na alisema bila kujisifu.

"Pardy," alisema Winnie. "Allan."

"Wapo wanne. Babu yao, mmoja aliyezama, na wajukuu wawili waliopewa jina la babu. Unamtaka nani?"

"Nianzie kwa babu."

Kadi ya babu ilisema amezaliwa 1891, Hollin Cove, Sawyer Bay, Newfoundland, Canada. Winnie aliisoma mara mbili.

"Mjomba, mwaka 1891 hapa palikuwa Canada?"

"Hapakuwa. Mimi mwenyewe nilikuwa darasa la nne tulipoingia Canada. Mama yangu alilia wiki nzima."

"Basi mbona umeandika?"

"Kwa sababu ya watu wa Boston." Mzee aliweka kikombe chini. "Zamani niliandika kila mtu kama karatasi yake ilivyosema. Mmoja kaandikwa kijiji tu. Mwingine kaandikwa ghuba tu. Mwingine kaandikwa jina la kanisa kuu la misheni, kwa kuwa kasisi alikuja na boti mara mbili kwa mwaka, akabatiza watoto wa vijiji sita, akaenda kuwaandika wote nyumbani kwake. Watu wa Boston, wajukuu wa waliotoka huku, wakaniletea barua: Mjomba, imekuwaje babu yetu kazaliwa mahali patatu? Nikasema sasa basi. Sehemu nne, kila kadi. Kijiji, ghuba, Newfoundland, Canada. Mtu akitafuta kwenye ramani aone."

"Na kama karatasi ilisema vingine?"

"Geuza."

Winnie aligeuza. Nyuma, kwa penseli, kulikuwa na maneno yenyewe ya karatasi ya asili, jina la karatasi, na mahali ilipo.

"Mimi si mjinga, Winnifred. Nimefundisha miaka thelathini na saba."

Hakuwa mjinga hata kidogo. Winnie alikuwa ameona ofisi za serikali zenye watu wenye shahada ambao hawakuwa na akili ya kutazama nyuma ya kadi. Aliomba kadi za wajukuu wawili, akazilaza mezani sambamba.

Ya kwanza: Pardy, Allan. Kuzaliwa 3 Machi 1953, Hollin Cove. Baba Esau. Familia ilihamia Nova Scotia 1960. Alikufa Ontario 1976.

Ya pili: Pardy, Allan. Kuzaliwa 19 Agosti 1955, Great Sawyer. Baba Wilfred, mama Dulcie. Alikwenda Ontario 1975. Hajulikani alipo.

"Huyu wa pili ana ndugu?"

"Dada yake, Daphne. Alikuwa akifanya kazi kiwanda cha samaki, sasa amestaafu. Yupo kule chini, nyumba ya buluu. Lakini huyo siye unayemtafuta," alisema Hedley. "Wako ni wa Esau. Imeshaamuliwa zamani."

"Nani aliamua?"

Mzee aliigeuza kadi ya kwanza bila kuulizwa. Barua ya Kasisi Thorold, Desemba 1976. Nakala iko kanisani, sanduku la pili.

Ufunguo wa kanisa ulikuwa kwa Hedley mwenyewe, ukining'inia kwenye msumari pamoja na ufunguo wa banda la kuni. Walitembea wote wawili kwenye ukungu, mzee mbele. Katika kichumba cha nyuma ya madhabahu palikuwa baridi kuliko nje. Winnie hakuvua koti. Alifungua rejista ya ubatizo kwanza, kabla ya barua, kwa sababu barua ni maoni ya mtu na alitaka kuyaona yale aliyoyaona huyo mtu kabla ya kusikia alichokifikiri.

Machi 1953: Allan, mwana wa Esau na Gladys Pardy, wa Hollin Cove. Agosti 1955: Allan, mwana wa Wilfred na Dulcie Pardy, wa Great Sawyer. Wino tofauti, kasisi mmoja. Kati ya hizo mbili, Septemba 1954, kasisi huyo alikuwa ameandika pembezoni kwamba nyumba ya mwisho ya Hollin Cove imefika salama. Winnie alinakili mistari yote mitatu kama ilivyo, pamoja na mkato mahali pasipostahili mkato.

Kisha alisoma barua. Kasisi Thorold alitoka Uingereza, akakaa Great Sawyer miaka miwili, akaondoka na kikohozi. Alikuwa anawajibu polisi wa Harlow Falls.

"Nimekagua rejista yetu," aliandika. "Allan Pardy aliyezaliwa Hollin Cove ni mmoja tu, mwana wa Esau, ambaye familia yake ilihamia Nova Scotia na hatuna anwani yao. Mwana wa Wilfred, ambaye mama yake ni muumini wangu, alizaliwa hapa Great Sawyer, na kwa hiyo siye. Nimemjulisha mama huyo, naye amefarijika sana."

"Unaona," alisema Hedley.

"Naona."

Rejista ilikuwa sahihi. Kadi zilikuwa sahihi. Barua ilikuwa na mantiki. Kilichobaki ni kumpata mtu yeyote wa ukoo wa Esau huko Nova Scotia, kumwomba saini, na kupanda feri ya saa kumi. Winnie alidhani kazi imekwisha, na hakufurahi wala hakusikitika. Alikuwa na njaa kidogo tena.

Simu yake ya mkononi haikushika mtandao. Alitumia simu ya ukutani jikoni kwa Hedley, akiwa na orodha ya Pardy wanne wa North Sydney, huko Nova Scotia, aliyoichapa kabla hajaondoka mjini. Wa kwanza hakupokea. Wa pili alikuwa mwanamke aliyesema mume wake ni Pardy lakini wa upande mwingine kabisa, upande ule wenye adabu. Kwa wa tatu alipokea mwanamume, redio ikipiga nyuma yake.

"Namtafuta mtu wa ukoo wa Esau Pardy, aliyetoka Hollin Cove," alisema Winnie.

"Umempata. Esau alikuwa baba yangu."

"Samahani kwa usumbufu. Ni habari ya ndugu yako, Allan."

"Sina ndugu anayeitwa Allan."

"Aliyezaliwa tarehe tatu Machi, hamsini na tatu."

Redio ilizimwa.

"Mpenzi," alisema yule mwanamume, kama watu wa Newfoundland wanavyomwita yeyote, "tarehe tatu Machi hamsini na tatu ni mimi."

Winnie alitazama saa ya ukutani, akaandika: saa saba na dakika kumi.

"Wewe ndiye Allan."

"Mke wangu ana majina mengine ya kuniita, lakini kwenye leseni ndivyo ilivyo."

"Umewahi kuishi Ontario?"

"Wiki mbili, mwaka themanini na nane. Harusini. Chakula kibaya. Kwa nini?"

"Hapa kuna kadi inasema ulikufa huko mwaka sabini na sita."

"Kaandika nani?"

"Hedley Buffett."

"Aa. Yule alinifundisha hesabu mpaka tulipohama. Mwambie ndiyo maana mpaka leo sijui kujumlisha."

Hedley alikuwa amesimama karibu na jiko na alikuwa amesikia kila neno, kwa sababu yule mwanamume alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea injini. Mzee alichukua kadi ya kwanza na penseli, akafuta mstari wa mwisho polepole. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Nitamwambia binti yangu," aliendelea Allan wa Esau. "Atacheka wiki nzima. Yeye ndiye mwenye habari za ukoo huku. Hollin Cove, Hollin Cove, kutwa. Kachora ramani, kaitundika sebuleni."

"Alizaliwa Hollin Cove?"

"Azaliwe vipi? Alizaliwa hospitali ya hapa, mtaa wa pili. Hajatia mguu kule maisha yake. Lakini muulize kwenu wapi, atakwambia Hollin Cove. Na mwanawe hivyo hivyo, na huyo kazaliwa Alberta."

"Kwa nini?"

"Ulitaka aseme nini? Kwetu ni kwetu. Mwacha asili ni mtumwa."

Winnie aliacha kuandika.

"Binamu yako, mwana wa Wilfred. Unamkumbuka?"

"Kama jana. Tuliitwa Allan Mkubwa na Allan Mdogo mpaka tulipohama. Naye alikuwa hivyo hivyo, wote wa Wilfred walikuwa hivyo. Sisi Great Sawyer tuliitwa watu wa kuja, unaelewa? Watoto wa pale walituambia rudini kwenu. Sasa ukiambiwa rudi kwenu kila siku, unajifunza kwenu ni wapi. Nani kafa, basi, kama si mimi?"

"Nitakupigia," alisema Winnie, na baadaye alimpigia kweli.

Alirudi mezani. Alichukua rula ya Hedley bila kuomba, akapiga mstari mwingine katika daftari lake, akapata safu ya nne. Juu yake aliandika: aliulizwa nini.

"Mjomba, ukiulizwa kwenu wapi, unasema nini?"

"Hapa. Great Sawyer. Sisi Buffett ni wa hapa."

"Na wale wa kule chini, wa nyumba zilizokokotwa?"

"Wale ni watu wa Hollin Cove."

"Wako wangapi?"

"Mia na kumi. Mia na tisa, Shangazi Ivy kafariki Pasaka."

"Na waliozaliwa Hollin Cove hasa?"

Mzee alihesabu kwa vidole, akaitazama mikebe, akahesabu tena.

"Walio hai, watatu."

"Mia na tisa ni watu wa Hollin Cove, na waliozaliwa huko ni watatu."

"Lakini kadi zangu ni za kuzaliwa, Winnifred. Si za kwenu wapi."

"Najua. Na fomu ya hospitali ni ya nini?"

"Ya kuzaliwa. Imeandikwa pale, mahali pa kuzaliwa."

"Imeandikwa na muuguzi. Muuguzi wa Ontario ana mtu aliyevunjika mgongo mbele yake, ana fomu, ana haraka. Unadhani alimwuliza swali gani?"

Hedley alivua miwani. Aliipangusa kwa pindo la shati.

"Angemwuliza anatoka wapi," alisema mwishowe.

"Na kijana angejibu nini?"

Kadi ya pili ilikuwa mezani, ile iliyosema hajulikani alipo, na penseli ilikuwa kando yake. Mzee hakuigusa.

"Nilimfundisha na huyo," alisema.

Winnie alijua amebakiwa na dhana tu. Allan Pardy aliye hai si aliye kaburini, hilo limethibitika. Lakini kwamba aliye kaburini ni Allan wa Wilfred, hilo lilisimama juu ya swali ambalo hakuna aliyelisikia likiulizwa. Mifupa ingeweza kusema, kwa kulinganishwa vinasaba vyake na vya mate ya dada, ila manispaa haifukui kwa ajili ya vipimo mpaka ndugu atie saini ya kumdai marehemu. Saini kwanza, ushahidi baadaye. Maiti haulizwi sanda. Aliye hai ndiye anayeulizwa, na aliye hai alikuwa Daphne.

Nyumba ya buluu ilikuwa ya tatu kutoka majini. Daphne Skinner, aliyezaliwa Pardy, alifungua mlango kabla Winnie hajagonga. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na sita, nywele zimekatwa fupi, mikono imekakamaa viungoni kwa miaka ya kukata samaki. Habari ya mgeni wa feri ilikuwa imeshafika. Ilifika labda kabla ya mgeni mwenyewe.

"Si yeye," alisema. "Nakwambia mapema usije ukapoteza nauli. Yule alikuwa wa Mjomba Esau."

"Nimezungumza na wa Mjomba Esau saa moja iliyopita. Mzima."

Daphne alisimama mlangoni. Kisha akasogea kando, Winnie akaingia.

Jikoni palikuwa na joto. Daphne alimimina chai bila kuuliza kama mgeni anataka, akakaa mkabala naye, mikono juu ya meza. Winnie alitoa fomu ya manispaa. Alieleza kwa ufupi: Ijumaa saa sita, saini, kisha wanachukua mate, wanapima. Wakikuta siye, anapelekwa kwa wale wengine na saini inafutwa. Wakikuta ndiye, anapata jiwe lake, au anakuja nyumbani.

"Na nisipotia?"

"Ijumaa wanamweka na wengine. Baada ya hapo hawatenganishwi tena."

"Kaka yangu alizaliwa hapa, dada. Hapa Great Sawyer. Rejista iko kanisani, kamwulize Hedley. Yule mtu alisema Hollin Cove. Allan hajawahi hata kulala Hollin Cove. Palikuwa hakuna kitu kule, ni mawe na makaburi."

"Nimeiona rejista."

"Basi."

"Kuna sehemu ya kwanza ya fomu, ya mdai. Hiyo haikufungi kwa lolote. Naomba niijaze ili karatasi yangu iwe kamili."

Daphne aliinua mabega. Winnie alishika kalamu, akauliza kwa sauti ile ile aliyoitumia miaka ishirini na sita kuwauliza wezi anwani zao.

"Jina kamili?"

"Daphne Louise Skinner."

"La kuzaliwa?"

"Pardy."

"Umri?"

"Sitini na sita."

"Kwenu wapi?"

"Hollin Cove."

Winnie aliandika. Hakuinua macho.

"Mahali pa kuzaliwa?"

Birika lilikuwa linaunguruma polepole juu ya jiko. Winnie alimaliza kuandika herufi ya mwisho, akangoja.

"Umenitega," alisema Daphne.

"Ndiyo."

"Nimezaliwa chumba kile pale." Alionyesha kwa kidevu mlango ulio kando ya ngazi. "Na Allan kazaliwa chumba kile kile. Baba naye, chumba hicho hicho, ila wakati huo nyumba ilikuwa Hollin Cove. Nyumba ni moja. Tulikuwa tukiwaambia watu, sisi hatukuhama, nyumba ndiyo iliyohama."

Winnie aliutazama mlango ule.

"Hata mimi kule siendi. Nimeenda mara mbili, kufyeka makaburi." Alikuwa anayasema haya kwa meza, si kwa Winnie. "Mtu akiniuliza dukani, akiniuliza hospitalini mjini, nasema Hollin Cove. Sifikirii. Hata leo sikufikiria."

"Sikutaka ufikirie."

"Hapana. Umefanya kazi yako."

Alinyanyuka, akazima jiko, akakaa tena. Uso wake haukuwa na kitu. Winnie alikuwa amewaletea watu habari za namna hii mara nyingi, na alijua kwamba wengi hawalii siku ile. Yeye mwenyewe alihisi uchovu wa magoti na kiu, na aliona vibaya kidogo kwamba hakuhisi zaidi.

"Waligombana, yeye na Mama," alisema Daphne. "Kwa sababu ya msichana mmoja wa kiwandani. Aliondoka hajaaga. Barua ilikuja moja, Krismasi ya kwanza. Halafu polisi wakaandika, na Kasisi Thorold akaja hapa na kitabu chake chini ya kwapa. Alikaa hapo ulipokaa. Akafungua, akamwonyesha Mama kwa kidole: huyu wa Hollin Cove, huyu wa Great Sawyer. Wako ni huyu wa Great Sawyer. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilisimama pale, nikasoma mwenyewe."

"Kitabu kilikuwa sahihi," alisema Winnie.

"Kilikuwa sahihi." Daphne aliitikia kwa kichwa. "Mama alioka keki mbili. Alizipeleka mlango kwa mlango. Jumapili kasisi akamtaja Allan katika shukrani, tukasimama wote, tukaimba. Mama aliimba kuliko watu wote. Tangu siku hiyo ikawa Allan yupo, ila ana kichwa kigumu. Mpaka anakufa Mama alikuwa anasema hivyo. Ana kichwa kigumu, atachoka, atapiga simu."

Alivuta fomu upande wake, akaigeuza, akachukua kalamu mkononi mwa Winnie.

"Nijaze wapi?"

"Jina lake, halafu mahali pa kuzaliwa. Andika alipozaliwa kweli. Great Sawyer, Sawyer Bay, Newfoundland, Canada. Sehemu zote nne."

"Na Hollin Cove?"

"Chini kuna nafasi ya maelezo. Andika kwamba hapo ndipo alipopataja mwenyewe. Yaandike yote mawili, kila moja mahali pake, mtu mwingine asije akachagua moja."

Daphne aliandika. Mwandiko wake ulikuwa wa shule, herufi zimelala upande mmoja. Aliandika jina, tarehe, sehemu nne, akaandika maelezo kwa mistari miwili, akatia saini bila kusita. Winnie alisogeza kidole mpaka mstari wa mwisho, uliobaki wazi.

Mstari huo uliuliza ni tarehe gani ndugu walijulishwa kifo kwa mara ya kwanza.

"Hapo weka ya leo," alisema Winnie. "Wote huweka ya leo."

"Lakini tuliambiwa siku ile ya kitabu," alisema Daphne.

Aliinama, akaandika Desemba 1976.